Mpira wa ndani baada ya kutolewa mawe ya figo: mbona unakojoa hivyo, na ile tarehe usiiruke

Kaka mmoja wa Kondele, hapa Kisumu, ameniandikia, nimefupisha kidogo lakini maneno ni yake:

"Sista, mi ni mtu wa boda, miaka 36. Wiki 5 zimepita tangu nitolewe mawe kwa figo ya kushoto na leza, hawakupasua mahali, waliingilia tu chini. Waliniambia wameacha mpira ndani nirudi baada ya wiki 3 utolewe. Sikurudi, pesa ilikuwa imeisha. Sasa kukojoa ndio imekuwa kazi yangu, kila nusu saa, usiku naamka mara 5 ama 6, na ikibana hata kuegesha pikipiki ni shida. Nikimaliza kukojoa kuna uchungu unapanda mpaka mgongoni kama umeme. Nikifanya kazi siku mzima, jioni mkojo unatoka rangi ya chai ya strungi. Jamaa wa steji wanasema nilitobolewa figo, wengine wanasema mawe hawakutoa yote. Nimepunguza maji ndio nisikojoe sana. Juzi usiku joto lilipanda nikatetemeka, nikanunua dawa ya malaria likaisha. Nifanye nini?"

Pole sana kaka, na asante kwa kueleza yote bila aibu, wanaume wengi wakifika kwa mambo ya kukojoa wananyamaza mpaka bibi ndio aseme kwa niaba yao.

Naanza na kitu umetaja mwisho kabisa kwa sababu ndicho kimenitisha, hilo joto la juzi. Huku kwetu mtu akishikwa na homa wazo la kwanza ni malaria, na ni haki yake, tuko kando ya ziwa na mbu hawatuachi. Lakini mtu mwenye mpira ndani ya njia ya mkojo akipata homa, hasa ile ya kutetemeka mpaka meno yanagongana, sisi wa hospitali tunaichukua kuwa ni infekshoni ya figo mpaka vipimo vionyeshe vingine. Bakteria wanapenda plastiki, wanajishika pale kama ule utelezi unaota ndani ya mtungi usiooshwa, na wakishapanda figo wanaweza kuingia kwa damu ndani ya masaa machache tu. Nimeshapokea watu presha imeshuka, hawajui hata wako wapi, na familia inasema "tulikuwa tunampa dawa ya malaria, leo ni siku ya pili." Kwa hivyo kaka, ukifika joto la 38 kwenda juu, au ukitetemeka hata kama nyumbani huna thamomita, usipitie duka la dawa na usingoje kupambazuke. Wewe uko Kondele, Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi, iko hapo tu, ingia upande wa dharura na neno lako la kwanza liwe "niko na stenti kwa figo na nimeshikwa na homa", stenti ndio huo mpira, usianze na habari ya tumbo wala mgongo. Wakupime malaria sawa, lakini wapime na damu na mkojo, na ule mkojo uoteshwe maabara ionekane ni kijidudu gani na dawa gani inakimaliza. Hata malaria ikipatikana mkojo bado upimwe, mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa mwili mmoja. Na kwa sababu homa yako ilitulia yenyewe usiseme imeisha, peleka mkojo kesho asubuhi hata ukiamka mzima, na tafadhali usimeze antibayotiki za kununua kabla hujapeleka, zinaficha kijidudu na kukiacha hai.

Sasa tuje kwa huo mpira. Jina lake ni stenti. Ni kamrija ka plastiki laini, urefu kama sentimita 24 ama 26, kamejikunja juu na chini kama herufi J mbili, ndio maana utasikia madaktari wakisema dabo-jei, na umbo hilo linatumika tangu 1978. Ncha ya juu imelala ndani ya figo, ya chini imelala ndani ya kibofu, katikati inapita kwa ureta, ule mrija wa kushusha mkojo. Ureta kwa ndani ni milimita 3 ama 4 peke yake, sasa fikiria kamera imepita humo, leza imevunja jiwe humo, vipande vimevutwa humo, lazima ivimbe. Ikivimba inaziba, ikiziba mkojo unarudi kujaza figo, na huo uchungu unaujua mwenyewe vile uko maana ndio ulikupeleka hospitali mara ya kwanza. Stenti inashikilia njia iwe wazi mpaka uvimbe ushuke. Hakuna mtu alitoboa figo yako, hao marafiki wa steji wanakuhurumia lakini hiyo wameikosea.

Shida ni kwamba mwili haujui hicho kitu kimekuja kusaidia. Ile ncha ya chini inasugua sakafu ya kibofu, mahali penye mishipa ya kusema "nimejaa", kwa hivyo kibofu kinakuambia kimejaa na ndani kuna vijiko vichache tu vya mkojo. Ndio hiyo kila nusu saa yako, na ndio huko kubanwa ghafla. Na ule umeme wa mgongoni ukimaliza kukojoa uko na sababu yake pia, kwa mtu asiye na stenti kuna kama mlango pale ureta inaingia kwa kibofu, unajifunga kibofu kikijikamua ili mkojo usirudi juu, lakini stenti imepita katikati ya huo mlango na kuuacha wazi, kwa hivyo ukisukuma mkojo, mwingi unatoka nje na mwingine unaruka juu mpaka kwa figo, figo inajaa kwa ghafla na inauma. Jaribu kukojoa polepole bila kusukuma, na usikae na mkojo mpaka kibofu kijae kabisa, utaona umeme unapungua. Watu zaidi ya 8 kati ya 10 wenye stenti wanalalamika vitu kama hivi, na inaniuma kwamba wengi wanatolewa wodini bila mtu kukaa nao hata dakika 5 kuwaambia, halafu wanaenda nyumbani wakifikiria opareshini imeharibika. Hapo kosa ni letu sisi wa hospitali, si lenu.

Rangi ya strungi jioni ni damu kidogo iliyokaa kwa mkojo mzito. Mtu akiwa na stenti damu inaweza kuja na kwenda muda wote hiyo kitu iko ndani, na wewe unakaa juu ya pikipiki kutoka asubuhi, kila tuta na kila shimo stenti inasugua. Jipime hivi: pumzika siku moja, kunywa maji vizuri, angalia mkojo wa jioni. Ukirudi kuwa wa manjano hafifu au wapinki kidogo, ni msuguano, endelea na mipango ya kutoa stenti bila hofu. Lakini ukiona mabonge ya damu, au mkojo mzito mwekundu kama sosi ya nyanya na maji hayausafishi, au unasikia kubanwa lakini hakuna tone linatoka na tumbo la chini limefura, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, damu iliyoganda inaweza kuziba njia.

Na hapo kwa maji umefanya kinyume kabisa, ingawa naelewa. Kila mtu wa boda ninayemjua anajinyima maji, jua la Kisumu linakaribia digrii 30 au kupita, umevaa jaketi na helmeti, jasho linatoka, na choo ni cha kulipia ama hakuna. Pengine hata hayo mawe yalianza hivyo. Ukipunguza maji mkojo unakuwa mkali, unachoma kibofu ambacho tayari kimewaka, unabanwa zaidi si kidogo, damu inaganda kwa urahisi, bakteria wanakaa bila kusafishwa, na chumvichumvi inaanza kushika kwa stenti. Lengo ni mkojo ufike lita 2 na nusu kwa siku, kwa hivyo kwa kazi yako kunywa lita 3 hivi, siku za jua kali zaidi. Gawanya, chupa ya nusu lita mara 6, mbili kabla ya saa nne asubuhi, na ile ya mwisho imalizike masaa 2 kabla ya kulala ndio usiku upumzike. Chunguza rangi tu, ikikaa kama maji yenye tone la limau uko sawa, ikikaa kama chai umelala. Chai nyingi, soda za kola na vile vinywaji vya nguvu vya kwa chupa ndogo viache kwa sasa, vinachokoza kibofu. Kama umewahi kuambiwa una shida ya moyo, au figo zenyewe hazifanyi kazi vizuri, hiyo hesabu ya maji upewe na daktari wako, usichukue yangu.

Kuna dawa pia, usiteseke bure. Tamsulosini inalegeza misuli ya ureta na shingo ya kibofu, wengi inawapunguzia ule umeme na kubanwa, lakini wewe ni dereva kwa hivyo sikiza vizuri: siku za kwanza inaweza kuleta kizunguzungu ukisimama ghafla, imeze jioni baada ya kula na usitoke na abiria kabla hujajua inakuchukua vipi. Wanaume wengine shahawa zinapungua wakiitumia, zinarudi ukiacha, usishtuke. Ziko dawa zingine za kutuliza kibofu lakini hizo ziandikwe na daktari, mtu asiyemaliza mkojo vizuri zinaweza kumzibia kabisa. Kwa maumivu parasetamo ni salama ukifuata kipimo, lakini hizi diklofenaki za kudungwa kila siku duka la dawa, mtu ambaye figo yake imetoka kuziba majuzi asizizoee. Na kwa sababu hakuna mtu huuliza na wote wanataka kujua, kulala na mke si marufuku ukiwa na stenti, inaweza kuuma kidogo ama damu ionekane, na kama stenti yako ina kauzi kanatokea nje kwa njia ya mkojo basi hapo ngoja mpaka itolewe.

Sasa ile tarehe. Kaka, hii ndio sababu nimeamua kukujibu kwa urefu namna hii. Hayo yote mengine yanasumbua lakini yanaisha siku stenti inatoka. Stenti isipotoka inaanza kugeuka jiwe. Chumvi za mkojo zinaganda juu yake kidogo kidogo, vile sufuria ya kuchemshia maji inashika ukoko mweupe. Kuna utafiti wa 1991 ulioangalia stenti zilizotolewa kwa watu wa mawe: zilizotolewa kabla ya wiki 6, chini ya 1 kati ya 10 zilikuwa zimeshika ukoko, kati ya wiki 6 na 12 karibu nusu, baada ya wiki 12 robo tatu. Wewe uko wiki ya 5. Kwa maana nyingine bado uko upande mzuri, lakini hapo mlangoni.

Mama mmoja tulimpokea kutoka upande wa Siaya, stenti ilikaa zaidi ya miaka 2. Uchungu ulipungua baada ya miezi michache, akafikiria imeyeyuka. Eksirei ilionyesha ncha ya chini imekuwa jiwe kama yai la kuku ndani ya kibofu, na juu kwa figo jiwe lingine. Alihitaji opareshini 3 kutoa kitu ambacho kingetoka kwa dakika chache, na ile figo haikurudi vile ilikuwa. Kwa hivyo stenti haiyeyuki, haitoki na mkojo, na uchungu kupungua si dalili kwamba imeisha.

Kuitoa kwenyewe watu wanaogopa kuliko inavyofaa. Mara nyingi si nusu kaputi, wanaweka jeli ya ganzi kwa njia ya mkojo, kamera nyembamba inaingia mpaka kwa kibofu, inashika ile ncha na kuivuta. Inachukua dakika chache, inakera zaidi ya kuuma, na jioni uko nyumbani. Kuhusu pesa nakuomba usikae nyumbani ukiona aibu. Beba karatasi uliyopewa ukitoka wodi, ile inayoonyesha tarehe stenti iliwekwa na upande gani, rudi kliniki ile ile, uliza SHA yako, ile bima ya afya ya serikali, inalipa nini kwa hiyo kazi, na kama bado haitoshi omba kuonana na afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, hospitali kubwa za serikali ziko naye na kazi yake ni watu kama wewe. Pale ukinyimwa tarehe ya karibu sema wazi "stenti imefika wiki 5 na nilikuwa na homa", wasikuandikie miezi miwili mbele. Na kama ule mkojo wa maabara utaonyesha wadudu, watakupa dawa kwanza kabla ya kuivuta, kuivuta juu ya infekshoni ndio kunasukuma bakteria kwa damu.

Kama mawe yalibaki? Inawezekana, na si lazima iwe uzembe. Leza inavunja jiwe kuwa vipande na vumbi, vipande vikubwa vinavutwa, vumbi linaachwa litoke lenyewe na mkojo. Jiwe la chini ya milimita 5 kwa kawaida lina nafasi nzuri ya kutoka bila msaada, karibu watu wawili kati ya watatu. Kojolea kichujio cha zamani cha chai wiki hii, ukipata changarawe weka kwa chupa safi uende nayo, wakiipima watajua ni jiwe aina gani na hiyo inabadilisha ushauri wote. Yale ya asidi ya uriki yanaweza kuyeyushwa na dawa ya kupunguza ukali wa mkojo, yale ya kalsiamu oksaleti hayayeyuki na kitu chochote cha kunywa, hata yule mzee wa chupa za mizizi aseme nini. Na bia haisafishi figo, inakukojoza leo na kesho inakuacha mkavu.

Wengine mtakaosoma hii na hamkutibiwa kama huyu kaka: wale mlivunjwa mawe na mashine ya mawimbi kutoka nje, vipande vinaweza kupangana foleni ndani ya ureta na kuziba, kwa hivyo maumivu makali yakirudi siku za kwanza msivumilie. Wale mlitobolewa mgongoni kwa jiwe kubwa, damu nyekundu nyingi ikitokea ghafla hata wiki ya pili ni ya kukimbia nayo. Wazee wenye prosteti (tezi dume) iliyofura wanaweza kushindwa kukojoa kabisa baada ya ganzi, wanawekewa paipu siku chache na inarudi. Na kijana aliyewekewa paipu, miezi baadaye akiona mkojo umekuwa uzi mwembamba na lazima asukume, pengine njia imeshika kovu, aende aangaliwe.

Kwa chakula usichanganyikiwe na kila mtu anayekukataza kitu. Maziwa usiache, hii ya "kalsiamu inaleta mawe kwa hivyo acha maziwa" imeumiza watu wengi, kalsiamu ya chakula inashika oksaleti, ile inayounda mawe, huko tumboni na kutoka nayo chooni kabla haijafika kwa figo. Ndio maana mimi napenda sana vile mama zetu wanalaza mboga na maziwa. Ododo (mchicha) na spinachi ziko na oksaleti nyingi, lakini ukichemsha ukamwaga yale maji halafu ukalaza na maziwa, kula. Adui mkubwa ni chumvi, na kuna chumvi watu hawahesabu, ile magadi ya kulainisha mboga na maharagwe, hiyo ina sodiamu nyingi na sodiamu inasukuma kalsiamu itoke kwa mkojo. Punguza hiyo. Nyama choma ya kila jioni na omena kila siku vinaongeza asidi ya uriki, sikwambii uache omena, nakwambia isiwe sahani mzima mara saba kwa wiki. Ndimu kwa maji ni nzuri, ina sitreti inayozuia mawe kushikana. Mtu aliyewahi kupata jiwe ana uwezekano wa karibu nusu kwa nusu kupata lingine ndani ya miaka 10 asipobadilisha kitu, na kwako kitu cha kwanza ni ile chupa ya maji kwa pikipiki.

Kuhusu kazi, hutavunjika ukiendesha, lakini mpaka stenti itolewe chukua safari fupi za lami, acha mizigo na zile barabara za mawe, na usiku pumzika. Siku ya kutolewa usiende na pikipiki yako, mtu mwingine akubebe. Ukishatolewa mkojo utachoma siku moja au mbili, na masaa ya kwanza unaweza kushikwa na maumivu kama yale ya jiwe kwa sababu ureta inajifunza tena kufanya kazi peke yake, meza dawa yako, kunywa maji. Yakizidi siku moja ama yaje na homa, rudi. Halafu kabla hujatoka kliniki siku hiyo uliza tarehe ya altrasaundi, kama wiki 6 hivi mpaka miezi 3 mbele, ureta inaweza kuunda kovu na kuziba polepole bila uchungu hata kidogo na figo ikafura kimya kimya, kwa hivyo hata ukijisikia mzima kabisa siku hiyo uende.